Mdogo Wangu na Kijiko cha Mfukoni

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949. Hapana, ni 1948. Nijisahihishe mwenyewe kabla dada yetu hajasimama. Mwaka wa 49 ndio baba alioezeka nyumba kwa mabati, na marehemu alikuwa tayari anatambaa akiokota misumari. Alikuwa mtoto wa tatu, mimi wa pili. Aliyechapa karatasi hizi asilaumiwe.

Alisoma darasa la kwanza hadi la saba, 1956 hadi 1962. Hesabu alizipenda, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku kachakura. Siku hizo alikula kwa mkono kama sisi sote, tena kwa kasi, hata mama akawa anamwambia, "Wewe baba, tafuna. Chakula hakina miguu."

Mwaka 1966 aliajiriwa kiwanda cha ngozi, upande wa kukwangua. Ngozi mbichi hulowekwa kwenye chokaa, kisha huondolewa manyoya na nyama kwa kisu kipana. Ni kazi ya heshima, na viatu tulivyovaa leo vimepita mikononi mwa watu kama yeye, lakini harufu yake hung'ang'ania vidoleni. Glavu zilikuja miaka mingi baadaye. Marehemu alinawa kwa maji, akanawa kwa sabuni, akamalizia na ndimu, na bado. Basi wanaume wa upande ule kila mmoja alitembea na kijiko mfukoni mwa shati, kama karani na kalamu. Wenyewe waliitana makarani wa tumbo.

Kijiko hicho nusura kimkoseshe mke. Mwaka 1972 tulikwenda kujitambulisha kwa wakwe. Sinia likawekwa katikati, tukanawa, na marehemu, kwa mazoea tu, akachomoa kijiko. Baba mkwe akarudisha tonge.

"Kijana," akasema, "sisi hapa tuna upele?"

Marehemu akainama. Angesemaje mbele ya mchumba kwamba mkono wake unanuka? Mzee akaanza kunyanyuka, na akishanyanyuka ndiyo yamekwisha hayo. Ndipo shangazi wa binti akasema, "Kaka, kaa. Na wewe baba, lete mkono." Akaunusa, akautua taratibu. "Huyu hatukimbii sisi. Anajikimbia mwenyewe."

Mzee akaketi tena, akaliokota tonge lake. "Haya. Lakini nyama mpunguzieni, kijiko kina mbio."

Watu wakacheka, na ndoa ikafungwa tarehe 7 Oktoba mwaka uleule.

Nyumbani kwake hakuna aliyefundishwa kunawa kwa maneno. Watoto walimwona baba yao, wakafuata: maji, sabuni, ndimu, kijiko. Ngozi mbichi hawajaigusa hata siku moja. Binti wa kwanza, huyu mshonaji, alipoolewa alikwenda na ndimu zake ukweni, na sasa huko nao wanadhani ni desturi ya babu zao. Husemwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naona hata usiyoyalea hukua.

Alistaafu mwaka 2003. Harufu ile ikaondoka pole pole, hata mimi niliyezoea kukaa ubavuni mwake sikuisikia tena. Kijiko kikabaki.

Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Kijiko kikawa kinamdondoka, chakula kinamwagika, naye anazidi kupungua mwili. Mkewe akamnawisha kwa maji ya moto, akamwambia, "Baba watoto, kula kwa mkono. Tuko wawili tu, mlango nimeufunga. Mkono haunuki, mimi si huyu hapa naunusa?" Marehemu akavipeleka vidole puani, akakaa navyo. Kisha akaukunja mkono, akaomba kijiko. Tangu siku ile mkewe alimlisha kwa kijiko hadi mwisho.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 mwezi huu, hospitalini, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja na mimi kaka yake. Mungu amlaze pema mdogo wangu, aliyeogopa kumharibia mtu chakula.

Liko jambo nililomuuliza akiwa mzima, akacheka tu. Nimemuuliza na mkewe, naye kainuka kwenda kukiosha kile kijiko. Ile harufu tuliyoacha kuisikia sisi sote, yeye alikuwa bado anaisikia?