Jina la Doto Katika Rejista ya Kulwa Machibya

Baba Paroko, wazee wa Sapiwi, ndugu wa Lalago mliofika tangu jana, majirani na wote mlioacha shughuli zenu, familia ya mzee Machibya imempa Shija, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma maisha ya kaka yake, naye ameyaandika kwa tarehe kwa sababu marehemu hakupenda jambo lisilo na tarehe, na anawaomba walio kule nyuma ya maturubai wasogee, maana hatarudia.

Marehemu Kulwa Machibya alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1947 hapa hapa Sapiwi, akiwa wa kwanza kati ya mapacha wawili wa mzee Machibya Maganga na mama Kabula Ng'washi, na kwa desturi yetu Wasukuma aliyetangulia akaitwa Kulwa, aliyemfuata akaitwa Doto, na aliyezaliwa baada yao mwaka 1950, ambaye ndiye huyu anayesoma, akaitwa Shija, wala hakuna aliyeulizwa kama amelipenda jina. Doto aliugua surua akafariki tarehe 3 Juni 1949, akazikwa nyuma ya zizi, pale mnapoona leo limechimbwa kaburi jingine, lakini mama hakukubali kuyatenganisha majina hayo, akiita watoto waje kula aliita Kulwa na Doto, akituma maji aliita Kulwa na Doto, na Kulwa aliitika kwa niaba ya wawili, hivyo mpaka mama anafariki mwaka 1982 nyumba hii ilikuwa na mtoto anayeitwa kila siku ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona.

Alisoma shule ya msingi Sapiwi kuanzia mwaka 1956 hadi 1959, akaendelea na shule ya kati Maswa hadi 1963, kisha sekondari Shinyanga hadi 1967, na popote alipopita walimu waliandika kwamba ni mpole, ana hesabu na ni mbishi. Mwaka 1968 aliajiriwa ukarani katika ofisi ya ushirika wa pamba Mwanza, mwaka 1971 akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kutoboa kadi za kompyuta, na mwaka 1976 akapelekwa tena kujifunza kuandika programu, akarudi kuutumikia mtambo uliojaza chumba kizima na uliopozwa na mashine ya hewa baridi wakati wakubwa wake wanajipepea na mafaili.

Tarehe 14 Julai 1973 alifunga ndoa takatifu na Benedikta Ngassa wa Lalago, wakajaliwa watoto wanne, Fredrick mwaka 1974, Elizabeth mwaka 1977, Veronica mwaka 1980 na Marcelo mwaka 1984, wote wapo hapa, na shemeji Benedikta amemwambia msomaji aseme wazi kwamba mume wake alikuwa mtu mwema lakini mezani alikuwa akizungumza habari za kanda za kompyuta mpaka ugali unapoa.

Kanda hizo ndizo zilizobeba rejista ya wakulima elfu arobaini na moja, jina, baba, kijiji na shamba, na mwaka 1986, nchi ikiwa haina fedha za kigeni na kanda mpya haziagiziki, marehemu aliandika programu ya kuibana rejista hiyo ili kanda kumi na moja ziingie katika nne. Alifanya hivi, jina la kijiji liliandikwa mara moja tu kwa watu wake wote, majina yanayojirudia kama Mashimba na Maganga yalipewa namba fupi, nafasi tupu ziliondolewa, na mwisho akaweka kanuni ambayo mtaalamu wa Ulaya asingeiota, kwamba penye Kulwa lazima pana Doto, kwa hiyo Doto asiandikwe kabisa, siku ya kuifungua rejista mashine itamrudisha yenyewe. Wakubwa walipiga makofi, kanda za zamani zikafutwa ili zitumike kwa mambo mengine, na hakuna aliyeuliza, hata yeye, kwamba je, Doto akiwa amekufa?

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao hadi vijijini, na ule mtambo mkubwa ukawa hauna tena fundi wala spea, ndipo kikaitwa kikao cha kuamua kumbukumbu ziwekwe wapi, wengine wakitaka mtambo ukokotwe hivyo hivyo hadi ufe, wengine wakitaka kila kitu kichapwe na kupelekwa stoo, ambako mchwa walikuwa wanasubiri, na mtaalamu mmoja aliyeitwa Thomasi akashauri zitupwe zote, waandikishwe watu upya. Marehemu alisimama akasema kuandikisha upya maana yake ni kwamba mwenye gari atafika kwanza, na mjane wa Lalago aliyelima miaka thelathini ataitwa mgeni katika ushirika wake, akashinda hoja, rejista ikafunguliwa na kuhamishiwa kwenye kompyuta ndogo ya mezani.

Jumamosi tarehe 18 Februari 1995 wanachama wa Lalago walikutana kupiga kura kama kiwanda chao cha kuchambua pamba kikodishwe au wabaki nacho, majina yakaitwa kutoka rejista mpya, na lilipoitwa la Doto, mwana wa mama Nyanjige, mama huyo alisimama, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akajitanda kichwani kama mfiwa, akasema, "Mwanangu nilimzika mwenyewe kabla hajaota meno, leo ninyi mnamwita aje apige kura, mmemtoa wapi?" Mkutano ulivunjika pale pale, waliotaka kukodisha wakadai rejista nzima ni ya uongo, na uongozi ukatoa amri kwamba isiposafishwa hadi tarehe 31 Desemba 1997 itachomwa moto, na watu elfu arobaini na moja waanze upya.

Marehemu aliona aibu, tena aibu kubwa, na alimwambia mdogo wake kwamba kosa lile angeweza kulifanya mtu yeyote isipokuwa yeye, halafu akasema pengine ni yeye tu angeweza kulifanya. Kulikuwa na akina Kulwa 312 katika rejista, mashine haikujua Doto yupi ni hai, kwa hiyo alichukua baiskeli akaanza kwenda kijiji kwa kijiji, na hata alipopunguzwa kazini tarehe 30 Juni 1995 hakuacha, jamani, mtu hana mshahara, hana ofisi, anaendesha baiskeli kutoka Maswa hadi Lalago kumwuliza bibi wa watu, mayu, mama yangu, Doto wako yupo? Wapo waliomkaribisha maziwa, wapo waliomfukuza, na mama Nyanjige alimweka juani asubuhi nzima bila kumpa kiti, kisha akamwonyesha kaburi.

Alipomaliza mwezi Novemba 1997 alikuwa amewathibitisha Doto 124 walio hai na kuwaondoa 187 waliofariki, kila mmoja kwa ruhusa ya mtu wa nyumba yake, rejista ikapita, haikuchomwa, na Lalago wakapiga kura yao, wakabaki na kiwanda. Ila mwenye kujumlisha ataona zinafika 311, na Mektilda, karani wa kompyuta, aliona, akamwandikia barua tatu kumwuliza habari za Kulwa wa Sapiwi mwenye shamba la urithi, naye akajibu zote tatu kwamba nyumba hiyo bado hajaifikia.

Mwezi Machi 1998 marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, tarehe 5 Mei 1999 akapata kiharusi kilichomlaza upande mmoja, akatibiwa Bariadi na baadaye Mwanza, akarudishwa Bariadi, na Jumanne tarehe 22 Juni 1999 saa nne asubuhi akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba, wanawake waliopika, wenzake wa ofisi ya zamani waliokuja ingawa ofisi yenyewe haipo, na mama Nyanjige, aliyetoka Lalago kwa miguu yake na amekaa pale mbele, safari hii kwenye kiti.

Shukrani ya mwisho ni kwa Mektilda, ambaye jana alileta ukurasa wa rejista ya Sapiwi akaomba mtu wa nyumba hii athibitishe, kama utaratibu wa marehemu mwenyewe ulivyotaka, na Shija amethibitisha kwa niaba ya wote kwamba nyumba hii sasa imefikiwa, na kwamba mistari hiyo miwili, wa Kulwa na wa Doto, ifutwe pamoja, siku moja.

Kulwa na Doto, mama amewaita, pumzikeni kwa amani.