Kona Aliyoifagia Mama Fagio Miaka Thelathini na Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Fagio anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya farasi kwa miaka thelathini na moja. Cheo chake kwenye faili ni mfagizi wa mabanda na uwanja. Tunaomba faili lisamehewe, halikujua. Hata sisi hatukujua mpaka wiki tisa zilizopita, na wengine wetu midomo haijafunga vizuri hadi leo.

Alichelewa kazini mara moja tu, siku aliyojifungua kitindamimba wake, na siku hiyo alimtuma mumewe aje kuomba radhi na kufagia. Kila mwanafunzi mpya alipewa ushauri uleule: "Usimpite farasi kwa nyuma kimyakimya, mwanangu. Wewe ungependa?"

Katika miaka ya mwanzo ya Mama Fagio, mwalimu wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Kapteni (kapteni wa nini, hajawahi kusema), alimwomba kila asubuhi atembee uwanjani na farasi wachanga, ufagio mkononi, ili wazoee vitu vigeni wasije wakashtuka. Hilo ndilo agizo pekee alilowahi kupewa kuhusu farasi. Alilitekeleza kuliko lilivyotolewa.

Shule ikapata sifa kwa darasa lake la juu. Huko mwanafunzi hujifunza kumsimamisha farasi bila kuvuta hatamu, kumwendesha ubavuubavu, na lile gumu kuliko yote: farasi akiwa mbioni, kumgusa kwa kisigino ili abadili mguu unaotangulia. Farasi wetu walifanya haya kama wanakunywa maji. Miaka kumi na tisa Kapteni alitoa vyeti huku akihimiza, "Mkao, mkao, mkao." Mama Fagio alikuwa kwenye kona yake ya uwanja, anafagia.

Basi binti yake akajifungua, naye akachukua likizo ya wiki moja kwenda kumlea mzazi. Jumatatu, daktari wa meno aliye mwaka wa tatu darasani alimpanda Shangazi, farasi jike wetu mzee mwenye ujuzi kuliko wote. Akamgusa kwa kisigino. Shangazi akageuza shingo kuitazama kona tupu, akasimama. Kufikia Jumatano, farasi wote sita wa darasa la juu walikuwa wakisimama wakiitazama kona ile kama abiria wanaosubiri basi. Daktari wa mifugo alikagua migongo na kwato. Daktari wa meno akakagua meno, kwa hiari yake. Hawakuona kitu. Zikalaumiwa nyasi, na aliyezinunua.

Wiki iliyofuata Mama Fagio akarudi, akauliza mbona tumekonda, akauchukua ufagio wake. Shangazi alikuwa uwanjani akikimbizwa kwa kamba ndefu, hana mtu mgongoni. Mama akauhamisha ufagio kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Shangazi akabadili mguu. Akaurudisha kulia. Shangazi naye akarudisha. Akauinua kidogo, farasi akasimama kama amegongomelewa.

Kapteni alikaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Hakuinuka. Akauliza, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo vile vyeti ni vya nani?"

Mama Fagio alishangaa kuliko sisi. "Nilidhani mnajua, Mwalimu. Kwani mlidhani ninafagia nini kona ileile miaka yote hii?"

Mtihani wa wakaguzi ulibakiza wiki saba. Uongozi ulikuwa umeshaandika kwamba darasa la juu likishindwa litafungwa, na farasi wake sita watauzwa. Wakamwomba Mama Fagio aahirishe kustaafu kwa miaka miwili. Akakataa kwa upole. "Miaka miwili ikiisha mtanihitaji vilevile," alisema. "Nipeni hizi wiki saba, na mnisikilize."

Tulimsikiliza. Kanuni yake ilikuwa fupi: kisigino kwanza, halafu pumzi moja, ndipo ufagio. Farasi akishajua kwamba kisigino ndicho kinachotangulia ufagio, ataacha kuungoja ufagio. Ila kisigino lazima kiseme jambo moja, kila siku lilelile. Hapo ndipo tulipoumbuka. "Daktari," alimwambia yule wa meno, "kisigino chako kinabwabwaja." Kapteni alipanda farasi kama mwanafunzi na kuambiwa mkao wake ni wa mtu anayepigwa picha. Aliyapokea maneno hayo. Siku ya tatu alianza kumwita Mama Fagio "Mwalimu", na hakuna aliyecheka.

Kila wiki Mama alisogea mbali: kutoka kwenye kona hadi kwenye uzio, nyuma ya uzio, nyuma ya ukuta. Wiki ya saba alibaki nyumbani siku nzima. Anasema ndiyo siku ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kazi.

Siku ya mtihani ufagio ulifungiwa stoo ya matandiko. Mama Fagio alikaa kwenye benchi la wageni, akaikalia mikono yake yote miwili isije ikasema kitu. Shangazi alifika kwenye kona ile mbioni. Kisigino cha daktari kikamgusa mara moja. Sikio moja la farasi likageukia benchi. Benchi halikusogea. Sikio likarudi, na Shangazi akabadili mguu.

Wanafunzi watano kati ya sita walifaulu, na darasa likabaki na farasi wake. Wa sita alishindwa kwa kosa lake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa, nasi tunalihesabu kuwa maendeleo. Mkaguzi alipotaka kumpongeza aliyewafundisha, Kapteni alinyoosha kidole kwenye benchi.

Faili limerekebishwa. Sasa linasomeka mwalimu wa farasi, kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Ufagio umetundikwa ofisini, mahali ambapo farasi hawauoni.

Mama Fagio, asante kwa kutufundisha huku ukituacha tudhani tunajua. Nenda ukamlee mjukuu, nasi tunakuombea siku tulivu na nyingi. Mikono yako iende upande wowote unaoutaka. Hakuna atakayebadili mguu.