Wasifu wa Mama Kipengele, Daktari Aliyeitwa Mgonjwa

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa mbishi; mwalimu mkuu alimfukuza darasani, naye alirudi na swali lilelile. Alihitimu udaktari mwaka 1977, akabobea katika magonjwa ya akili mwaka 1982.

Mwaka 1985 aliolewa na fundi redio. Shemeji yetu hupenda kusema, "Kuoa daktari wa akili kuna kazi. Ukinuna kidogo tu, unaulizwa habari za utotoni."

Chama cha taifa cha madaktari wa magonjwa ya akili kilizaliwa mwaka 1988 katika chumba cha kupigia pasi cha hospitali, kwa kuwa waanzilishi hawakupewa kingine. Katiba aliiandika yeye: mwenyekiti vipindi viwili, kisha ampishe mwenzake. Mwenyekiti wa sasa alimaliza viwili, akajiongezea cha tatu, na alipotaka cha nne hakumwona wa kumzuia. Kura zilikuwa za kunyoosha mikono, na madaktari vijana walinyoosha mbele ya mtu anayesahihisha mitihani yao. Katika mkutano mkuu wa 2009 marehemu alisimama akasoma kipengele cha ukomo neno kwa neno, kama alivyozoea. Ndiyo maana walimbandika jina la Mama Kipengele.

Mwenyekiti alitabasamu. "Dada yetu amechoka. Sisi ni wataalamu jamani, dalili tunaziona."

"Dalili gani? Umenipima lini?"

Hakuna aliyempima, wala siku ile wala baadaye, lakini mkutano ulipitisha kwamba hayuko sawa kiakili, na hospitali ikamnyang'anya wagonjwa wake. Watu walioapa kutibu akili waliigeuza taaluma yao kuwa rungu. Kwa hilo hatujawasamehe. Kila mwaka aliomba kauli ile ifutwe, na kila mwaka walimnyamazia.

Aliugua figo tangu 2021, akafariki tarehe 19 Juni 2024, akili yake timamu kabisa. Asubuhi hiyo alibishana na daktari wake kuhusu dozi, akashinda.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wanne.

Mwenyekiti tumemtengea kiti safu ya mbele, alione jeneza vizuri. Hotuba yake hatuitaki. Tunataka aifute kauli ile kwa mdomo wake, hapa hapa, kabla ya udongo wa kwanza. Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi tunamsubiri mwenyekiti asimame.