Nilivyorudi Kupika Komoni Bila Kunusa

Kamwene, dada zangu wa Makambako. Kamwene nanyi mlioteremka kutoka Njombe na masweta yenu. Mwenyekiti wa mkutano wetu wa wapika pombe ameniambia niseme kwa kifupi. Nitajaribu, ingawa mnanijua. Sitataja jina la mtu, maana baadhi ya watu nitakaowasema wamo humu ndani na wengine sikuwaomba ruhusa.

Mimi ni mpika komoni, pombe yetu ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Kwetu ni Njombe, na aliyenifundisha kazi hii ni mama yangu mzazi. Nilipoolewa huku Makambako nilikuja na kazi yangu kichwani, kama mwingine anavyokuja na sufuria zake. Mume wangu alikuwa fundi magari katika shirika moja la umma. Ikaja ile miaka ya mashirika kuuzwa na watu kupunguzwa, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani na sanduku lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda, akanyamaza. Ni mtu wa kanisani, pombe haonji, lakini tangu siku ile nyumba yetu yote ilisimama juu ya pipa langu la komoni. Nilikuwa na zamu yangu kilabuni kama ninyi, na siku ya zamu yangu watu walikuja mapema. Sijisifu. Waliokuwepo wanajua.

Sasa niwaambie nilivyoanguka. Nilikuwa nimekwenda Njombe kununua ulezi wa kimea. Kurudi tulipanda pikapu, tumekaa juu ya magunia, na ukungu ulikuwa mzito. Kwenye kona moja gari liliteleza likapinduka. Mimi kuanguka kwenyewe sikumbuki. Nakumbuka dari la hospitali, na kichwa changu kimefungwa bandeji. Mungu mkubwa, hakufa mtu.

Mume wangu akaniletea chai kwenye chupa. Nikanywa, nikamwambia, "Baba watoto, leo umesahau tangawizi."

Akasema, "Nimetia. Tena nyingi."

Tukatazamana.

Daktari alinieleza wazi. Alisema pale nilipogonga kichwa, mishipa ya kunusia imeumia. "Inaweza kurudi, mama, na inaweza isirudi. Shukuru macho yako yanaona."

Nilishukuru, ndugu zangu, nilishukuru kweli. Lakini nawaambia ninyi kwa sababu ninyi ndio mtakaonielewa. Mtu mwingine akiacha kunusa, atakosa harufu ya maua na ya pilau. Mpika pombe akiacha kunusa amefukuzwa kazi na mwili wake mwenyewe. Unga uliovundikwa ukikomaa, tunajuaje? Tunanusa. Ukikaangwa ukafika, tunanusa. Pipa likiwa tayari kuchujwa, tunainama, tunavuta pumzi, tunasema "bado" au tunasema "leteni chujio." Ulimini kwangu kulibaki chachu, tamu na chungu, basi. Nilikuwa nainama juu ya pipa kama mtu anayechungulia kisima.

Nilipopata nguvu nikajaribu. Nilijiambia mikono inajua. Nikapika kwa mazoea, siku ya zamu nikapeleka kilabuni. Mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alipiga funda moja akaweka kikombe chini polepole, kama mtu asiyetaka kukuaibisha. Akasema, "Mama, leo pombe imekasirika."

Wengine waliondoka wakaacha vikombe vimejaa. Nikarudi nyumbani na pombe yangu, nikaimwaga nyuma ya choo. Nikapika mara ya pili, ikawa nyepesi kama maji ya kusuuzia. Mwenyekiti wetu wa wakati ule akanijia nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema, "Dada, pumzika kidogo. Zamu yako tutampa mwingine mpaka upone." Alisema kwa upole. Lakini mimi nilijua daktari alivyoniambia, na sikujua nitapona lini, wala kama nitapona.

Halafu siku moja mchana nimekaa jikoni hapo hapo, maharage yanaungua mbele yangu, siyasikii. Jirani ndiye aliyekuja mbio akipiga kelele. Aliipua chungu, akanitazama, akadhani nimechanganyikiwa. Akina mama, siku hiyo nililia. Nilimwambia mume wangu, "Sasa tuko wawili tuliopunguzwa." Alinishika bega.

Sasa nakuja kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye alikuwa mchapaji katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa mjini. Kompyuta ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Makambako, watu walisimama mlangoni kuzitazama kama wanatazama harusi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa malori, na wifi alikuwa akimpangia safari za malori yake humo kwenye mashine, kwenye jedwali. Ni mistari na vyumba, kila chumba kina kazi yake. Ukibadilisha siku ya kuondoka, siku ya kufika inabadilika yenyewe. Leo mnayaona maofisini, hamshangai. Mimi nilishangaa.

Wifi akaja nyumbani akaniuliza, "Wifi, hiyo pua yako ilikuwa inapima nini hasa?"

Nikamwambia, "Inapima pombe. Swali gani hilo?"

"Hapana. Ukinusa unga uliovundikwa, ulikuwa unatafuta nini?"

"Uchachu wake."

"Na huo uchachu unakuja baada ya muda gani?"

"Inategemea. Kukiwa na jua unawahi. Kukiwa na upepo huu wetu, unachelewa."

"Ukishika unga wenyewe wakati huo, mkononi ukoje?"

Nikafunga macho. Ndugu zangu, sikuwahi kuulizwa swali hilo tangu nizaliwe. Nikamwambia ukiufinya unashikana, ukiuachia unapasuka katikati. Akasema, "Umeona? Hapo hakuna pua."

Tukakaa jioni nzima. Akauliza kimea kinachipua urefu gani ndipo nikianike. Akauliza unga ukikaangwa unabadilika rangi gani. Akauliza pipa linatoa sauti gani. Nikacheka, halafu nikakumbuka kweli linatoa sauti: kwanza kimya, halafu kama mvua ya mbali kwenye bati, halafu linapoa. Kila harufu niliyoipoteza ilikuwa na mwenzake, wa macho au wa mkono au wa sikio. Nilikuwa nao siku zote, sikuwahi kuwasemesha.

Wifi alitaka kuyaweka yote kwenye jedwali, vipimo na siku. Lakini mashine si yake. Tukamwendea mwenye duka, mzee Mwislamu, mtu wa swala tano. Wifi akamweleza bila kuficha. Mzee akafikiri, akasema, "Mambo ya pombe mimi siyajui na sitaki kuyajua. Lakini huyu mama ameumia, na kazi yake ndiyo hiyo. Nikienda kuswali adhuhuri duka halina watu. Tumieni. Ila kwenye mashine yangu msiandike pombe."

Wifi akauliza, "Tuandike nini, mzee?"

"Andikeni uji."

Basi jedwali letu likaitwa UJI, kwa herufi kubwa. Juu kabisa siku ya zamu, na chini yake siku za kazi zikihesabiwa kurudi nyuma: kuchuja, kutia kimea, kuchemsha, kukaanga, kuvundika, hata kuloweka ulezi. Pembeni vipimo vya unga, kimea na maji. Ukitaka pipa dogo, unaandika dogo, na vipimo vyote vinashuka vyenyewe. Wifi alinichapia karatasi, nikaibandika ukutani jikoni.

Msidhani ikawa rahisi. Mara ya kwanza ilitoka vizuri kidogo. Mara ya pili upepo ulivuma wiki nzima, karatasi ikasema chuja, nikachuja, ikatoka mbichi. Nikaenda dukani na hasira. "Mashine yako imenidanganya!"

Wifi akasema, "Mashine haijui baridi, wifi. Hatujaiambia."

Tukaongeza safu ya hali ya hewa: jua, upepo, ukungu. Kila nilipopika nilimletea habari, naye akaziingiza, na jedwali likawa linatufuata kama mtoto anayejifunza njia.

Lakini bado nilikuwa na hofu moja. Mambo mengine mkono hauyajui. Pombe inaweza kuwa na povu zuri na sauti nzuri, kumbe ndani kuna harufu mbaya iliyoingia. Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Kunywa sinywi. Lakini pua ninayo."

Jamani! Siku ya kwanza aliinama juu ya pipa, akainuka, nikamuuliza inanukaje. Akasema, "Inanuka pombe." Tulicheka mpaka majirani wakaja. Nikaanza kumfundisha. Hii ni harufu ya unga mbichi. Hii ni ya kimea kilichoota ukungu. Hii ni ya ndizi mbivu, ndiyo ya pipa lililo tayari, ukiisikia niite. Yule bwana aliyekuwa ameketi kimya tangu apunguzwe, akawa anaamka asubuhi anakwenda kwenye pipa kabla yangu.

Ndipo ikaja harusi ya mtoto wa kaka yangu, Njombe, katikati ya baridi ya Julai. Kaka akatuma ujumbe: wazee wanataka komoni ya kwetu, nipike mimi, nipikie pale pale nyumbani kwa mama. Nilitamani kukataa. Mama alijua nimeumia, lakini pombe yangu baada ya ajali hakuwa ameionja. Na jedwali letu lilikuwa la Makambako, na ninyi wa Njombe mnajua kwenu Julai maji yanauma mkono.

Wifi akaandika siku ya harusi, akaongeza siku za baridi, jedwali likatusogeza nyuma. Tukaondoka mapema kuliko ndugu wote walivyotutegemea. Mama aliona nimebandika karatasi ukutani kwake, akauliza, "Hii ndiyo inayopika?" Nikamweleza yote, hata ya pua, bila kubakiza. Alinisikiliza akipembua ulezi. Aliinuka akaleta mablanketi mawili, akasema, "Karatasi yako imesahau kitu kimoja. Kwetu pipa linalala limevaa."

Tukalivika pipa mablanketi.

Asubuhi ya harusi yenyewe, karatasi ilisema chuja. Nikatega sikio: mvua kwenye bati, inaanza kupoa. Mkono nao ukasema sawa. Akina mama walikuwa wameshika machujio, maji ya kuoshea yako tayari. Mume wangu akainama. Akakaa muda, akainuka akatikisa kichwa.

"Bado. Nasikia unga mbichi."

Kaka akasema, "Shemeji, wewe hata hunywi. Wageni wanakuja."

Wote wakanitazama mimi. Dada zangu, hapo ndipo niliposimama. Karatasi upande huu, sikio langu upande huu, na upande ule pua ya mtu asiyejua pombe ikoje mdomoni. Nikisubiri na ilikuwa tayari, itachacha mno. Nikichuja na bado, nitawaaibisha watu wa kwetu mbele ya wakwe. Nilimtazama mume wangu. Hakuinamisha macho. Nikakumbuka jinsi anavyosikiliza injini, haongei mpaka awe na hakika.

Nikasema, "Funikeni. Tunangoja."

Jua lilipopanda, akarudi kunusa. Mara akaniita kwa sauti kubwa, "Ndizi! Ndizi mbivu!" Tukachuja tukikimbia.

Kikombe cha kwanza alipewa mama. Alikaa kwenye kigoda, akanywa funda. Akanywa lingine. Halafu akakimaliza chote, akamnyooshea kikombe mume wangu, si mimi, akasema, "Mkwe, niongeze." Alipopewa akanigeukia. "Mwanangu, ni ile ile. Tulia sasa."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini kwenye majani. Sikulia kwa uchungu. Ilikuwa kama umebeba ndoo ya maji kichwani kutoka mbali sana, halafu mtu akaja akakutua. Shingo nzima ililegea.

Habari zikafika Makambako kabla yangu. Mwenyekiti akanirudishia zamu, na mpaka leo ninayo. Pua haijarudi. Siku hizi siingoji tena, na sina kinyongo nayo.

Nashukuru. Namshukuru wifi yangu, aliyeniuliza maswali wakati wengine walinipa pole tu. Namshukuru yule mzee wa duka, aliyetufungulia mlango bila kuvunja imani yake. Mama yangu, kwa mablanketi na kwa kuniamini. Mwenyekiti wa wakati ule, aliyenipumzisha bila kunidharau. Na mume wangu, ambaye mpaka sasa haonji, na hakuna mtu ndani ya Makambako anayeijua komoni yangu kumshinda.

La mwisho, niketi. Sisi tunapika kwa kujua, na kujua kwetu kumekaa kimya ndani ya miili yetu. Mwili ni kitu cha kuvunjika. Siwaambii mkanunue kompyuta. Nawaambia mkifika nyumbani mwiteni binti, au wifi, au hata mume, simameni naye kwenye pipa, mseme kwa mdomo mnachokisikia na mnachokiona. Mimi nilianza kusema nikiwa nimeshapoteza nusu. Ninyi semeni mkiwa nacho chote.