Mwalimu Winifrida na Swali la Nani Ataachwa Nje

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mwalimu Winifrida anastaafu. Sisi wenzake wa kituo cha walimu hapa Sumbawanga tunampa hongera, lakini tusidanganyane: tangu Januari hatuna raha. Mrithi wake hajaletwa, na semina ya walimu wa Wampembe, aliyopaswa kuiendesha, bado inasubiri. Hofu yetu ni moja tu: akiondoka, kazi yake haitaondoka naye?

Alianza na darasa la kwanza kule Kasense, kisha akaletwa kituoni kufundisha walimu wenzake. Kukaa kitako hajui. Chai yake hupoa mezani, mwenyewe yuko nyuma ya pikipiki, kitenge juu ya koti, anateremka bondeni. Kwenye semina zake hakuna aliyeruhusiwa kuandika lengo la somo kabla ya kujibu swali moja: katika somo hili, nani ataachwa nje? Ukijibu hakuna, anakurudisha darasani kwako ukaangalie tena. Ile methali ya asiyekuwepo na lake halipo aliipiga marufuku. Alisema watoto wengi wapo, wameketi mbele yetu, na lao halipo.

Walimu wa upande wa Mtowisa hawajasahau semina moja ya masika. Walikuwa wakilalamika juu ya Kabula, binti wa wafugaji, asiyesikia vizuri; kuandaa somo kwa ajili ya mtoto mmoja, walisema, ni kupoteza muda. Mara mvua kubwa ikashuka juu ya bati. Kila mwalimu wa huku anajua la kufanya: unanyamaza, unasubiri ipite. Winifrida hakunyamaza. Aliendelea kufundisha, midomo inacheza, mara ameugeukia ubao, na mvua ilipokatika akagawa jaribio. Karibu wote walipata sifuri, wakanuna. Ndipo akawaambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa Kabula mvua hiyo haikatiki. Tangu hapo Kabula alikaa mbele darasani, mwalimu wake akaongea akimtazama, na michoro ikawepo ubaoni kabla ya maneno. Mwaka huu yuko sekondari.

Mgala muue na haki yake mpe: mama huyu ni msumbufu. Amewahi kusimamisha mkutano mzima ili tuhamishe viti. Wengine tukimwona kwa mbali tulikuwa tunabadili njia.

Sasa kuna jambo yeye mwenyewe halijui. Tulipokaa kupanga sherehe hii bila yeye, tulichagua ukumbi wa ghorofani, tukakubaliana, tukahamia kwenye habari za pilau. Bertila, mpya kuliko sote kituoni, akanyoosha mkono na kuuliza mwenzetu Mwalimu Obed atapandaje ngazi na kiti chake cha magurudumu. Tuliona aibu, kisha mimi, nasema kweli, nikafurahi hadi machozi yakanilengalenga. Swali limeulizwa, na Winifrida hayupo.

Ndiyo maana leo tumeketi uani, makoti yamefungwa hadi shingoni kwa upepo huu wa Juni, na Obed yuko mstari wa mbele. Wiki ijayo Bertila anakwenda Wampembe kuendesha ile semina.

Asante kwa yote, Mwalimu. Ustaafu kwa raha na afya, na chai yako, safari hii, uinywe ingali moto.