Makochi Nje, Mahindi Sebuleni

Kijiwe kilicho ubavuni mwa karakana ya redio kilikuwa na benchi la mbao. Tangu mavuno kina makochi. Ni ya Gunia, mkulima wa nyumba ya pili, ambaye ghala la serikali lilimrudisha na mahindi yake kwa kuwa limejaa, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Mahindi yakaingia sebuleni, makochi yakatoka. Mkewe alikubali kwa sharti moja: tone la kwanza la mvua likidondoka, makochi yanarudi ndani, na mahindi yatajua pa kwenda. Asubuhi hiyo Gunia alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Macho yalikuwa mawinguni.

— Mmesikia? alisema Antena, fundi redio. Serikali imefunga mwaka, pesa zimebaki.

— Zimebaki wapi?

— Kwenye bajeti. Wanaita ziada. Eti kila mwaka zinabaki.

— Hata mimi nina ziada, alisema Gunia. Iko sebuleni, imeanza kutoa joto.

— Akiba haiozi, mdogo wangu.

Huyo alikuwa Mzee Hesabu, karani mstaafu, aliyejinyoosha kwenye kochi refu.

— Ingia ndani ukanuse, mzee, halafu urudie hiyo methali.

— Lakini subirini, alisema Antena. Wao wana pesa zimebaki, huyu ana mahindi yamebaki. Si wanunue?

— Hujui kitu wewe, alisema Mzee Hesabu. Ziada haitumiki. Ukiitumia, si ziada tena.

— Sasa ni ya nini?

— Ya kuwaonyesha wanaotukopesha. Kama jino la dhahabu.

— Basi nitawaambia lilipo hilo jino, alisema Antena. Pesa wamezipanga ghalani! Ndiyo maana Gunia aliambiwa pamejaa.

— Acha uzushi.

— Uzushi? Mlinzi wa pale ana paka wawili. Kwa mahindi matupu, paka mmoja anatosha.

Wakacheka. Gunia hakucheka. Upepo ulikuwa umegeuka, na vumbi la barabara lilianza kunukia maji.

— Mzee Hesabu, wewe umekaa ofisini. Niambie kweli. Hizo pesa zinabakije?

Mzee Hesabu akaketi vizuri.

— Kila bajeti ina fungu la kununua mahindi. Ghala likijaa, fungu halitumiki. Lisipotumika, linabaki.

— Kwa hiyo ziada yao ni haya mahindi yangu.

— Sikusema hivyo.

— Umesema, mzee. Umesema sasa hivi.

— Basi vuta subira. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimejaa! Sebule imejaa! Kinachofuata ni chumba cha watoto!

— Mimi nimeshaelewa, alisema Antena. Mwakani watawahimiza mlime zaidi, ghala liwahi kujaa, wasinunue kabisa, pesa zibaki zote. Tutakuwa matajiri kuliko dunia nzima, na tunalala nje kwenye makochi.

Hakuna aliyemwambia aache uzushi.

Pikipiki ikasimama. Aliyeshuka alikuwa dada wa duka la mbegu, mizigo imefungwa nyuma kwa mpira.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Antena, akimsogezea nafasi.

— Sikai. Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

— Kaka Gunia, mvua nimeiacha darajani, inakuja. Wenzako wanachukua mbegu. Wewe nikuachie mifuko mingapi?

Gunia akaanza kupiga hesabu. Akipanda, atavuna aweke wapi? Asipopanda, na mwakani mvua ikikataa, watoto watakula nini? Akamtazama Mzee Hesabu. Mzee Hesabu akamtazama Antena. Antena alikuwa amechukua birika, analiinamisha juu ya kikombe, na hakikutoka kitu.

Tone likagonga mkono wa kochi. Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka.

— Kaka, aliuliza tena yule dada. Mingapi?