Maisha ya Bi Mahudhurio, Kama Yalivyosomwa na Mdogo Wake

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliofika, naomba utulivu kidogo, na walio nje ya turubai wasogee wasikie, maana mimi ndiye mdogo wake marehemu, kazi yangu kuchomelea vyuma, na familia imeniachia nisome maisha yake kwa sababu sauti yangu ni kubwa, si kwa sababu ninastahili. Karatasi niliyopewa ilichapwa vizuri, kurasa mbili, nimeipitia na kalamu tangu juzi, na kuna mahali nimefuta sentensi moja nikaandika upya kwa mkono, hivyo mkiniona nakwama jueni ni mwandiko wangu.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa tarishi wa posta hiyo hiyo, na mama yetu, mshonaji wa nguo, na katika watoto watatu wa nyumba ile wa kati alifariki angali mchanga, mimi ni wa mwisho, tumepishana miaka saba.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1967 hadi 1970, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1972 akiwa wa pili katika darasa la watu thelathini na wanane. Mwaka ule wa 1970 baba aliumia mguu, mshahara ukapunguzwa, ada ikatosha mtoto mmoja tu, aliyebaki shuleni akawa yeye, mimi nikatolewa darasa la nne nikapelekwa karakana, na nalitaja hili kwa sababu sehemu kubwa ya hasira yangu ilianzia hapo, wakati yeye hakuwa na kosa lolote. Kila likizo aliniletea daftari zake nisome, nikazikataa, nikajifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia misumari, ndiyo maana hadi leo najua habari nyingi nusunusu.

Aliajiriwa kuwa mwalimu tarehe 8 Januari 1973, akapangiwa darasa la tatu katika shule iliyo karibu na kiwanda cha matofali, na huko ndiko watoto walikompa jina la Bi Mahudhurio, kwa kuwa hakuanza somo lolote kabla ya kuita majina yote, na mtoto asipoitika siku mbili, siku ya tatu mwalimu yuko mlangoni kwao na rejista kwapani, anauliza yuko wapi. Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1977 na shemeji yangu huyu hapa mbele, fundi bomba, na walioalikwa wanakumbuka jinsi bibi harusi alivyosimama kabla ya chakula akahesabu meza, akasema wamepungua wawili kwa upande wa bwana, wafuatwe, shemeji akajibu kwamba hao wawili wanamdai, waacheni huko huko. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Mei 1979, ambaye ni mkunga, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Oktoba 1983, dereva wa lori, na ameacha wajukuu watano.

Mwaka 1991 alipandishwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ile ile, na Jumatatu tarehe 2 Februari 2004 makao makuu yakamteua kuwa afisa elimu wa wilaya yetu ndogo, yenye shule sita za umma, ofisi moja yenye kabati la chuma nililolichomelea mimi, na bodi ya wajumbe tisa. Mwenyekiti wa bodi hiyo nilikuwa mimi, nilichaguliwa na wazazi mwaka 2002 kwa sababu walisema huyu bwana hana kona, anakwambia kitu usoni.

Hapa ndipo penye sentensi niliyofuta. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwezi Februari 2005 marehemu aliomba kupumzishwa wadhifa wake kwa sababu binafsi. Hakuomba. Alitolewa, na aliyemtoa ndiye anayewasomea.

Wengi mnajua ila hatukuwahi kusema kwa sauti, kwamba wilaya iliyopata wastani wa zaidi ya asilimia hamsini na tano katika mtihani wa mwisho ilipewa ruzuku ya nyongeza, na wastani ulihesabiwa kwa waliofanya mtihani tu, basi katika shule zetu, ukiacha ile aliyoiongoza yeye, ikawa desturi, kila Novemba, watoto wazito wa kusoma kuugua wiki ile ile, kwa cheti kilichotiwa sahihi na mzazi. Novemba 2003 waliugua arobaini na mmoja kati ya watoto mia mbili na kumi na wawili, wilaya ikapata asilimia sitini na moja, tukapaka rangi ukumbi wa bodi, na hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani huo usiogusa watoto wenye akili.

Mmoja wa wale arobaini na mmoja alikuwa binti yangu wa pili, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu mkuu wa shule yake aliniita nyuma ya stoo ya madawati, akaniambia, "Mwenyekiti, mtoto akikaa kwenye mtihani atajiaibisha, na wewe utaaibika zaidi, andika tu tumbo linamsumbua." Nikaandika tumbo. Mimi ninayewafokea watu barabarani kwa kudanganya uzito wa nondo, nilimwegemeza mtoto wangu mzima wa afya ukutani, nikatumia mgongo wake kama meza ya kutilia sahihi, na yeye akauliza, "Baba, kwani naumwa?" nikamwambia nyamaza.

Dada yangu alipoingia ofisini alikataza jambo hilo mara moja, na Novemba 2004, wiki ya mtihani, alitembea nyumba kwa nyumba na orodha mkononi, watoto wote mia mbili na kumi na wanane wakakaa kwenye mtihani, hata yule aliyekuwa amefungwa bandeji mguu mzima akapatikana uwanjani anacheza mpira, akapelekwa na bandeji yake. Wastani ukawa hamsini na mbili. Ruzuku haikuja, paa la shule mbili likabaki linavuja, wazazi wakaja juu, na mimi nikaitisha kikao cha bodi Alhamisi tarehe 17 Februari 2005.

Siku tatu kabla ya kikao alikuja karakana kwangu, akasimama mlangoni na faili, mimi nilikuwa nachomelea geti na nimevaa kinyago, akasema, "Mdogo wangu, vua hicho kitu nikuone macho, nina neno." Sikuvua. Nilimjibu, "Dada, mambo ya ofisi ofisini, mimi sina undugu kazini," akasema, "Haya, mwenyekiti, tutaonana huko," akaondoka akiruka nyaya zangu kwa uangalifu kama mgeni. Vijana wa karakana walinisifu kwamba mzee ana msimamo, nami nikajiona nina msimamo, lakini ukweli ni kwamba nilijua ameshakusanya vyeti vya ugonjwa kutoka shule zote tano, nilijua sahihi yangu imo, na niliogopa.

Kwenye ratiba ya kikao alikuwa na dakika ishirini. Alisimama, akaeleza kwamba wastani haukushuka, ila mwaka uliotangulia haukuwa wa kweli, akaanza kusoma majina ya wagonjwa shule kwa shule, na mjumbe mmoja mwenye duka la daftari akasema, "Kumbe tujenge hospitali, shule za nini," ukumbi mzima ukacheka. Alipomaliza shule ya tatu, iliyofuata ikiwa ya binti yangu, nikagonga meza nikasema, "Afisa, muda wako umekwisha." Zilikuwa zimepita dakika saba, saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu na wajumbe wote wanane waliobaki waliitazama, na hakuna aliyefungua mdomo. Aliitazama na yeye, akafunga faili, akakaa. Kura zikaja nne kwa nne, nikapiga ya kwangu, na nje kwenye korido wakanipa mkono wakisema mwenyekiti huyu hata dada yake hamwonei haya, na sifa hiyo niliila miaka mingi, nimeisimulia kwenye vikao, kwenye harusi, kila nilipokaa.

Kuanzia Jumanne tarehe 1 Machi 2005 alirudishwa kuwa mwalimu wa darasa katika shule ile ile ya karibu na kiwanda cha matofali, chini ya mwalimu mkuu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na wiki hiyo hiyo alifika kwangu nisipokuwepo, akamwomba mama watoto amruhusu binti yetu arudie darasa kwake. Novemba mwaka huo binti akafanya mtihani, akapata alama arobaini na tatu, za kwake mwenyewe, leo anauza vifaa vya ujenzi na hesabu zake hazikosei, na mimi badala ya kwenda kushukuru nilimwambia shemeji kwamba mkeo anafanya haya ili anitie aibu mjini. Afisa mpya alileta wastani wa asilimia sitini na tatu, wagonjwa wakawa thelathini na wanane, taarifa nikaitia sahihi, nikaendelea kutia sahihi mpaka nilipoondoka kwenye bodi mwaka 2010. Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2013, bila sherehe, kwa sababu bodi haikuandaa.

Alianza kusumbuliwa na figo mwezi Juni 2021, akatibiwa katika hospitali kubwa ya hapa, baadaye akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, na mimi nilikwenda kumwona mara nyingi, tukazungumza habari za wajukuu na bei ya saruji, sikuwahi kugusa jambo hili, naye hakunilazimisha. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi mitano na siku ishirini na sita.

Juzi, nilipokuwa nahakiki tarehe za karatasi hii, shemeji alinipa lile faili. Ndani yake imo orodha aliyokwenda nayo kikaoni, imechapwa, shule zote tano, nami nikaihesabu mara tatu, majina ni arobaini. La binti yangu halimo. Cheti nilichotia sahihi kilikuwa peke yake kwenye bahasha, juu ameandika kwa mkono, "Huyu mdogo wangu atamleta mwenyewe." Ndilo neno alilokuja nalo karakana. Dakika zile kumi na tatu nilizomnyang'anya nilizichukua bure, maana hakukuwa na jina langu la kuficha, na alikaa na bahasha hiyo miaka ishirini akinisubiri.

Nimemwomba binti yangu ruhusa, na amenijibu kwamba nimechelewa lakini nisome. Basi wa arobaini na moja ni binti huyu aliyekaa karibu na shemeji, hakuwa mgonjwa, na baba yake alijua. Mwenyekiti wa sasa wa bodi yuko safu ya pili, nitamkabidhi faili hili mkononi mbele yenu tukimaliza kuzika, pamoja na barua yangu inayotaka kumbukumbu za kikao kile zirekebishwe, na ikiwa atasema muda wa jambo hili umekwisha, mimi ninaijua njia ya kwenda nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimwachia aite majina ya wagonjwa wenzake kabla ya dawa, inawashukuru majirani waliobeba viti na maji tangu Jumanne bila kuombwa, na walimu aliofanya nao kazi, pamoja na wale wajumbe wanne wa bodi waliopiga kura upande wake, ambao kwa muda mrefu mimi nimekuwa siwasalimu. Bodi ya elimu imeleta shada la maua, tumelipokea.

Dada, sikuombi msamaha hapa mbele ya watu, kwa sababu huwezi kunijibu hapana, na hilo lingekuwa kukukata usemi mara ya pili. Nimesoma ulichonisubiri nisome. Pumzika sasa, mwalimu wetu, kwa amani.